Boila Itazimwa

Tik.

Boila ya gesi kule kibarazani nyuma ilijiwasha yenyewe gizani, ikakohoa, ikanguruma kidogo, ikatulia, na maji ya moto yakaanza safari yake chini ya sakafu. Yeom Dahae alikuwa macho kitambo. Alilala chali kwenye godoro, mguu wa binti yake Bori umemkalia tumboni kama mlinzi wa zamu, akingoja joto limfikie mgongoni. Watu wengine boila yao ikiwaka alfajiri hujigeuza wakaendelea na usingizi. Dahae alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya boila, na tangu baridi ya mwaka huu ianze, kila ikilia tik aliisikiliza mpaka itulie.

Leo ndiyo siku yenyewe. Leo Mkuu wa Idara, Bwana Gu, alitaka tathmini ya mafunzo ya adabu mezani pake, ikiwa na sahihi ya Dahae chini. Tathmini ikipendeza, mkataba wake uliokuwa unakwisha pamoja na mwaka ungegeuka kazi ya kudumu. Hakuna aliyemwambia hivyo waziwazi. Mkuu Gu alikuwa amesema tu, huku akikoroga kahawa, kwamba kampuni haimsahau mtu mwenye ushirikiano, kisha akauliza kama mtoto anaendelea vizuri pale chini. Pale chini ni chekechea ya kampuni, ghorofa ya kwanza, ambamo mtoto hukaa mradi mzazi wake bado yuko kazini.

"Mama," Bori alisema bila kufungua macho. "Supu ipo?"

"Ipo. Lala."

"Ya mwani?"

"Ya mwani. Lala wewe."

Siku ya mtihani hakuna mtu mwenye akili zake anayekunywa supu ya mwani. Mwani unateleza, na wewe utateleza nao. Mama yake Dahae angeiona sufuria ile asubuhi kama hii angeimwaga sinkini. Dahae aliipasha moto, akajaza bakuli, akainywa yote akiwa amesimama, huku akiitazama boila kupitia mlango wa kioo kama anayemtazama mtu anayetaka kugombana naye.

Mambo yalianza majani yalipokuwa yanapukutika. Kampuni ilimleta mwalimu wa adabu kutoka Seoul, mwanamke aliyeitwa Chu, mwenye tabasamu lisilochoka. Wapokea simu wote wa kituo cha mjini Cheongju waliingizwa ukumbini kwa zamu, wakafundishwa kusema upya. Simu ikiita, la kwanza ni: "Nakupenda, mteja wetu." La pili, mteja haamrishwi kamwe. Neno "zima", neno "fungua", neno "toka", yote marufuku. Badala yake jambo lijitendekee lenyewe kwa unyenyekevu: itazimwa, litafunguliwa, itawashwa. La tatu, chochote cha mteja kipewe heshima ya mteja mwenyewe. Boila yake ni boila tukufu. Bomba lake likivuja, ni bomba tukufu limevuja.

"Mume wangu sijamwambia nakupenda tangu harusi," alisema Tak Malsun, mkongwe wa simu pale kituoni, mwanamke mwenye sauti nene iliyowahi kuwatuliza watu wengi usiku wa barafu. "Leo nimemwambia mwanamume asiyejua hata kitufe cha boila kiko wapi. Naye kajibu, mimi pia."

"Dada, shemeji akisikia?" Dahae aliuliza.

"Atauliza kama chakula kitukufu cha jioni kimewasili."

Wakacheka mpaka mwalimu Chu akageuka. Lakini Malsun hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Aliambiwa asome, akasoma. Siku ya mtihani alipata alama za juu kuliko wote, na picha yake akiwa na mwalimu ikabandikwa ukutani karibu na mashine ya maji.

Mwisho wa mafunzo kila mtu alipewa boksi la chakula, nyama tamu ya kukaanga na kachumbari tatu, na karatasi inayouliza: umeridhika? Wote walizungushia "sana." Kazi ya Dahae, karani wa mafunzo, ilikuwa kuzikusanya na kujumlisha. Alizijumlisha, lakini kitu kilimkera. Alikuwa amesoma chuo cha jioni, Bori akiwa mgongoni au kwa jirani, na mwalimu wao mmoja aliyezoea kuchelewa alikuwa akiwaambia: msiwaulize watu kuhusu mafunzo wakati chakula cha mafunzo bado kiko tumboni. Nendeni mkaangalie kazini. Nani anafanya nini leo ambacho jana hakukifanya, na kwa huyo anayehudumiwa, kimeleta nini.

Kilicholetwa na mafunzo kikajulikana baridi ilipotia meno.

Mzee mmoja aitwaye Seok, anayeishi peke yake kwenye nyumba za mlimani nyuma ya soko, alipiga simu jioni, Malsun akaipokea. Dahae aliisikiliza rekodi yake mara nyingi baadaye.

"Nakupenda, mteja wetu."

"Sawa, binti. Bomba la moshi limechomoka kwenye boila yangu. Tena kichwa kinaniuma."

Hapo Malsun alinyamaza. Dahae alikijua kimya kile. Ni kimya cha mtu anayelimeza neno lililokwisha kufika kwenye meno. Kisha sauti yake ikatoka laini, ya ukumbini:

"Boila tukufu itazimwa sasa, mzee wangu. Na dirisha litafunguliwa. Na kutoka nje kutafanyika mara moja."

"Ahaa. Asanteni sana. Nangoja."

Akangoja. Alikaa kwenye mto wake, mikono juu ya magoti, akiisubiri kampuni izime boila na kufungua dirisha. Jirani aliyekuwa amemletea kachumbari mpya ya kimchi ndiye aliyemkuta ameegemea ukuta, amelewa moshi wa boila, midomo imebadilika rangi. Alimburuta nje akiwa na soksi tu. Hospitalini walimpa hewa safi, akarudi nyumbani akiwa mzima, lakini habari ikafika makao makuu, Seoul.

Seoul ikajibu haraka. Mpokea simu hakuyapokea mafunzo kwa moyo. Mkataba wake usiendelezwe. Wengine wote wafundishwe tena na mwalimu yuleyule. Ili hayo yapite, ilihitajika tathmini inayosema mafunzo yamefaulu na kosa ni la mtu mmoja.

"Aliyepata alama za juu ndiye hakuyapokea?" Dahae aliuliza.

"Bi. Yeom," Mkuu Gu alimjibu, "usianze."

Akaanza. Jumamosi alimfunga Bori skafu mpaka puani wakapanda mlimani kumwona mzee.

Mzee Seok alifungua mlango nusu. "Wewe ndiye wa kampuni?"

"Ndiyo, babu."

"Umekuja kunipenda tena?"

Dahae aliona aibu, halafu akacheka, na mzee naye akacheka, akafungua mlango wote. Aliwapa viazi vitamu vya kuchoma, akammenyea Bori cha kwake na kukipuliza.

"Binti alisema itazimwa," akaeleza. "Mimi nitajuaje kwamba wa kuizima ni mimi? Mjukuu wangu yuko Busan, anawasha taa za nyumbani kwake kwa simu akiwa barabarani. Nikasema, kampuni kubwa kama ile itashindwaje kuzima boila. Nikakaa kwa adabu."

"Hata dirisha, babu?"

"Dirisha ndilo lilinishangaza kidogo."

"Angekwambia tu, zima, ungekasirika?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Marehemu mke wangu aliniambia zima, funga, toa, ondoka hapo, maisha yake yote. Unadhani nimefikaje umri huu?"

Njiani wakishuka Bori aliuliza kwa nini yule babu alingoja. Dahae alitafuta jibu mpaka wakafika chini, akalikosa lililo jepesi kuliko ukweli. "Hakuambiwa," alisema. "Walisema maneno mazuri, lakini hawakumwambia."

Jumatatu aliwapitia wapokea simu mmoja mmoja wakati wa chai. Hakuwapa karatasi. Aliwaomba jambo dogo: usiku huu kila mmoja amwambie mtu wa nyumbani kwake, kwa lugha ya mafunzo, kwamba boila itazimwa. Halafu akae aone.

Kesho yake jikoni mwa ofisi palikuwa kama sokoni.

"Mama aliniuliza kama nimelewa," alisema msichana wa dawati la kona. "Nikasema itazimwa, mama, kwa heshima. Akasema, sawa, na akuzimie huyo unayemheshimu."

"Mume wangu alisema asante akaendelea kutazama mpira."

"Bibi yangu alitoka mpaka kibarazani, akarudi, akasema, mbona bado inawaka, waambie wenzako wamechelewa."

"Na ulipomwambia zima?" Dahae aliuliza.

"Alizima kabla sijamaliza. Akanigomba kwa kumpotezea muda."

Malsun hakucheka. Alisimama kando ya mashine ya maji, chini ya picha yake mwenyewe, kikombe mkononi. "Neno lilikuwa hapa," alisema, akijigusa koo. "Zima, fungua, toka. Nimelisema miaka yote. Siku ile nikalitafuna nikalimeza, kwa sababu simu zinarekodiwa na neno 'zima' linakukatia alama. Nilifaulu, Dahae. Nilifaulu vizuri sana."

"Nitaandika hivyo, dada."

"Usiandike ukajiponza. Una mtoto."

"Ndiyo maana," alisema Dahae.

Sasa siku ilikuwa imefika, supu ya mwani iko tumboni, na Mkuu Gu alikuwa ameishika tathmini kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa.

"Hapa umeandika mafunzo hayafanyi kazi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Umeandika yanamhatarisha mteja."

"Ndiyo."

"Wafanyakazi wote walisema wameridhika sana."

"Waliridhika na nyama, Mkuu. Nilikula pia. Ilikuwa tamu."

Bwana Gu alivua miwani akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bosi Seoul, na bosi huyo alikuwa na rafiki aliyemleta mwalimu Chu, na yeye Gu alikuwa katikati, tai imemkaba. "Bi. Yeom, tathmini si kesi ya mahakamani. Ni hitimisho. Tunahitimisha jambo, tunaendelea mbele. Bi. Tak ana umri wake, atapata shughuli nyingine. Wewe ni kijana, una elimu, umeisaka kwa shida. Mwakani ungekuwa na meza yako pale dirishani."

Dahae aliitazama ile meza. Tangu aingie kituoni alikuwa akiitazama. Palikuwa na jua la asubuhi pale, na alikuwa ameshaamua kichwani angeweka wapi picha ya Bori.

"Mkuu, naomba nikuulize. Boila itazimwa. Nani anazima?"

"Inategemea muktadha."

"Mzee Seok hakuwa na muktadha. Alikuwa na kichwa kinachouma."

Mkuu Gu akasukuma kalamu taratibu mpaka ikafika ukingoni upande wa Dahae. Karatasi nyingine ilikuwa chini ya ile ya kwanza, imekwisha kuchapwa: mafunzo yamefaulu, kosa la mtu mmoja, marudio yanapendekezwa. Palibaki pengo la sahihi tu.

Ofisini mle mdogo hamwambii mkubwa hapana. Husema, nitalifikiria. Husema, itakuwa vigumu kidogo, huku akivuta hewa kwa meno, na mkubwa huelewa, na wote wawili hutoka wakiwa na heshima zao. Dahae alivijua vyote hivyo tangu utotoni. Alivisikia vikimjia ulimini kimoja kimoja, laini, vimepigwa pasi. Akafikiria kimya cha Malsun kwenye rekodi.

"Hapana," alisema.

Bwana Gu alifikiri hakusikia vizuri. "Unamaanisha itakuwa vigumu?"

"Si vigumu. Kalamu iko hapa na mkono ninao. Sitii sahihi. Nikiitia, baridi hii mtu mwingine atakaa kwenye mto wake anatungoja, na jina litakalokuwa chini ni langu. Ukitaka kutuma tathmini Seoul, ipo, hiyo ya juu. Nimekwisha kuitia sahihi."

"Unajua mkataba wako unakwisha lini."

"Najua, Mkuu. Huo nao uliandikwa wazi, ndiyo maana nimeuelewa."

Alitoka akaenda moja kwa moja mpaka dawati la Malsun.

"Umesemaje?" Malsun alinong'ona, vifaa vya masikioni vimening'inia shingoni.

"Nimesema hapana."

"Hapana hivyohivyo? Bila hata kuvuta hewa?"

"Hapana tupu."

"Wewe mtoto," alisema Malsun. "Utakula nini wewe?"

"Sijui bado."

Taa ya simu ikawaka. Malsun alivaa vifaa vyake, akabonyeza, na mlango wa Mkuu Gu ukafunguka wakati uleule, naye akasimama pale na zile karatasi mbili. Mwanamke upande wa pili alikuwa akiongea kwa kasi, mtoto analia nyuma yake, boila inatoa harufu. Malsun aliinua macho, akamwona Mkuu Gu. Akamwangalia usoni. Halafu akasema, kwa ile sauti yake nene ya zamani:

"Mama, zima boila. Sasa hivi. Kitufe chekundu upande wa kulia. Umezima? Haya, fungua dirisha. Lote. Mchukue mtoto mtoke nje, simu usiikate, nipo nawe."

Hakusema nakupenda. Kwenye dawati la kona yule msichana alikuwa na mteja wake, boila inavuja tu, jambo dogo, lakini naye alijikohoza. "Funga koki ya chini, mjomba," alisema. "Hiyohiyo. Izungushe kulia." Na wa tatu akamwambia wake awashe tena, na wa nne akamwambia wake asiiguse kabisa. Ilikwenda hivyo dawati kwa dawati, zima, funga, ngoja, toka, maneno mafupi yanaruka chumbani kama punje za mahindi zinapoanza kupasuka kwenye moto. Simu zote zilikuwa zikirekodiwa. Kila mmoja alilijua hilo.

Mkuu Gu alibaki mlangoni. Kisha akarudi ndani akafunga mlango bila kuubamiza.

Jioni Dahae alishuka chekechea akiwa amechelewa. Bori alikuwa wa mwisho, ameshavaa koti, amekaa kwenye kibenchi cha viatu, anapiga miguu.

"Mbona umechelewa?"

Dahae alichuchumaa akamfunga zipu. Angeweza kusema kulikuwa na kazi nyingi. "Mkuu wa kazini alitaka niandike kitu ambacho si kweli," alisema. "Kuhusu yule babu wa viazi. Nimesema hapana."

"Akakasirika?"

"Kidogo. Labda mwakani utakuwa chekechea nyingine, karibu na nyumbani. Mama atatafuta kazi nyingine, na atapata."

Bori alilitafakari hilo, kidole kwenye skafu. "Kuna bembea huko?"

"Tutaenda tuone."

Milango ya lifti ikafunguka, Bwana Gu akatoka na mkoba wake. Alipowaona alisita, kama aliyetarajia ukumbi uwe mtupu. Alimwinamia mtoto kidogo, akamgeukia mama, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya upole, ya uchovu, imezungukazunguka pembe zote.

"Bi. Yeom. Karatasi hazijatumwa, hata moja. Labda ingekuwa jambo la kupendeza kama usiku huu lingepatikana tulizo, na lile suala likaangaliwa tena kwa jicho la pili, na pengine kesho asubuhi, kabla Seoul haijapiga simu, sahihi ikaonekana mahali pake, na kazi ikabaki, na hili likawa halikutokea. Sijui hilo litapokelewaje."

Dahae alinyoosha mgongo ili amjibu. Bori alikuwa ameinua uso, anamsikiliza yule bwana kwa makini, akichambua nini hasa anachotaka. Alipokipata, aliushika mkono wa mama yake akamsaidia.

"Mama amesema hapana."